Mtoto Hajalala

Mada iliyotolewa na mwanachama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kwenye sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi

 

Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo, na tuwakumbuke wenzetu tulioanza nao na leo hatunao. Historia ya kikundi Mama Mwenyekiti ameshaieleza. Hesabu Mweka Hazina amezisoma, hisa na mikopo mmezisikia, na vigelegele vimepigwa. Hapo sina la kuongeza. Kamati iliponiomba nitoe mada ilinipa kichwa cha habari kisemacho "Malezi Bora ya Watoto". Nikashukuru. Lakini kichwa hicho ni kipana mno, mtu anaweza kukizungumza mpaka pilau ikapoa na asimguse mtu yeyote. Kwa hiyo nikaomba ruhusa nichukue kona moja tu, ile tunayoizunguka kila siku kama shimo la njiani: mtoto anayeishi katika nyumba ambamo mama yake anapigwa.

Nasema anayeishi humo. Kupigwa kwa mtoto mwenyewe ni mada nyingine, na siku yake itafika. Leo namzungumzia yule ambaye hajaguswa hata kofi, yule ambaye asubuhi mama yake anamwambia jirani, "Afadhali watoto walikuwa wamelala."

Wenzangu, nimefundisha shule ya msingi miaka 31, na kwa muda mrefu darasa la kwanza na la pili ndiyo yalikuwa yangu. Nawaambieni, mtoto hajalala. Atalalaje? Nyumba zetu hizi za hapa Tanga mnazijua. Ukuta wa kutenga vyumba unaishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, kule juu hewa ni moja. Anayekohoa chumba cha uani anasikika chumba cha mbele. Sasa ije sauti ya mtu kusukumwa kwenye kabati, halafu useme mtoto hakusikia? Amejifunika shuka gubigubi, amefumba macho, amemshika mdogo wake mkono, anasubiri iishe. Asubuhi haulizi kitu, kwa sababu ameona hakuna anayesema kitu. Basi sisi tunadhani hajui, na yeye anadhani hatakiwi kujua.

Mtoto mmoja wa darasa la pili aliwahi kunieleza kwamba anajua baba amerudi na hali gani kwa jinsi anavyoweka baiskeli. Akiiegesha ukutani taratibu, siku hiyo watakula. Akiibwaga, yeye anambeba mdogo wake wanakwenda uani kukaa nyuma ya tangi la maji. Mtoto wa miaka minane! Alinieleza kama anavyoeleza somo la hesabu, bila kulia. Siri ya mtungi, walisema wazee, aijuaye kata. Na kata ya nyumba ni mtoto, yeye ndiye anayeingia mpaka chini.

Mtu asidhani kwamba ni jambo la nyumba mbili tatu. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wameshapigwa wakati fulani tangu walipotimiza miaka 15. Tupo wanawake wangapi hapa uwanjani? Kila mmoja apige hesabu yake kimya kimya. Kwa upande wa dunia, mwaka 2006 shirika la UNICEF lilikadiria kwamba watoto wanaoona ukatili wa majumbani wanaweza kufikia milioni 275. Sasa utafiti ule wetu wa 2015-16 uliuliza pia swali jingine: je, mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama vile kuunguza chakula, kutoka bila kuaga, kubishana naye, au kutowaangalia watoto? Wanaume 40 katika 100 walikubali angalau sababu moja. Wanawake waliokubali walikuwa 58 katika 100. (Minong'ono.) Ndiyo, mmesikia sawasawa, sisi tuliwashinda wanaume. Na hiyo sababu ya kutowaangalia watoto, mimi inanishangaza hadi leo. Mama anapigwa kwa ajili ya watoto, mbele ya watoto, na watoto ndio wanaoumia.

Sasa mtoto huyu anaumia nini, ikiwa fimbo haikumgusa?

Anaanza kuumia hata kabla ya kuzaliwa. Wakunga waliopo hapa ni mashahidi kwamba mjamzito anayepigwa yumo hatarini kuharibu mimba, kujifungua kabla ya siku zake, au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Mtoto mchanga naye, msiseme hana akili. Hajui maneno lakini sauti anaijua, na mikono ya mama anayetetemeka anaijua. Analia sana, anashtuka kwa kitu kidogo, halali vizuri. Mtoto wa miaka mitatu minne aliyekwishaacha kukojoa kitandani anaanza tena, na aliyekwishasema vizuri anarudi kwenye kigugumizi. Anamng'ang'ania mama kanga, hata chooni anataka wafuatane. Hapo tunasema mtoto amedekezwa, au tunamtafutia mganga.

Kwa huyu wa shule nitakaa kidogo, maana ndiye niliyemwona kwa macho yangu.

Madaktari wanatueleza kwamba binadamu akitishika, mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Moyo unakwenda mbio, tumbo linakaza, usingizi unaruka. Hali hiyo ina faida ukikutana na nyoka, nyoka akishaondoka mwili unatulia. Lakini mtoto anayekaa akisikilizia mlango kila jioni, mwili wake hautulii. Ni sawa na shule ambayo kengele ya hatari inagongwa kutwa kucha. Nani atafundishika hapo? Ndiyo maana utamkuta saa tatu asubuhi amelalia dawati. Ndiyo maana tumbo linamuuma kila Jumatatu, ukimpeleka zahanati hawaoni minyoo wala malaria. Mwingine anakuwa mkali, ukimgusa begani anageuka na ngumi. Mwingine, na huyu ndiye walimu wanampita bila kumwona, anakuwa mpole kupita kiasi, daftari safi, hasemi, hachezi, anamtazama mwalimu usoni kutwa nzima kujua leo ameamkaje.

Kuna msichana wa darasa la nne ambaye kila siku saa nne, wakati wa mapumziko, alikuwa anatoroka. Kwenye mahudhurio aliandikwa mtoro. Mwalimu wa zamu alipomfuata aligundua kwamba mtoto anakimbia mpaka nyumbani, anachungulia dirishani, akimwona mama yake anapika anarudi mbio shuleni. Hakuwa anakwenda kucheza. Alikuwa anakwenda kuhakikisha mama yake yu hai. Mtoto kama huyu tukimchapa viboko kwa utoro, tunamfundisha kitu gani?

Wakikua zaidi mambo yanabadilika sura. Kijana wa kiume wa miaka 14 anasimama katikati, anamrudishia baba, na usiku huohuo anafukuzwa. Baadhi ya vijana tunaowaona pale stendi ya mabasi walianza safari yao hivyo. Msichana anakubali posa ya mtu wa kwanza aliyemwita jina zuri, alimradi aondoke nyumbani. Halafu tunasema watoto wa siku hizi hawashauriki.

Lipo neno moja nataka nilinyooshe, kwa sababu linarushwa ovyo ovyo. Watu husema mtoto aliyeona baba anapiga naye atakuwa mpigaji, na binti aliyeona mama anapigwa atapigwa. Ni kweli kwamba hatari inaongezeka, wataalamu wamelionyesha hilo nchi nyingi. Lakini hatari siyo hukumu. Wengi waliokulia katika nyumba hizo hawampigi mtu, tena baadhi yao wamo humu ndani, ni waume wema kabisa, na wanajua wenyewe walichoapa walipokuwa watoto. Kinachosaidia zaidi ni kitu ambacho hakiuzwi: mtu mzima mmoja anayeaminika, ambaye mtoto ana hakika naye. Awe bibi, shangazi, mjomba, mwalimu wa madrasa, jirani. Mmoja tu anatosha kuleta tofauti kubwa. Kwa hiyo msimwekee mtoto wa watu alama usoni, mkasema "yule katoka nyumba ile, tusimchumbie".

Na sisi akina mama nasi tujisemee. Baba kampiga mama usiku. Asubuhi mama kamchapa mtoto kwa sababu ya kikombe. Mchana mtoto kamrukia mdogo wake, na jioni mdogo mtu anamrushia paka mawe. Hasira imeshuka ngazi moja moja, kama maji ya bomba. Utafiti mkubwa uliofanyika hapa nchini mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa 2011, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wote hao hawakupigwa na baba peke yao.

Sasa nije kwenye sentensi ambayo kila mmoja wetu ameisikia, wengine tumeisema: "Navumilia kwa ajili ya watoto."

Mimi simcheki anayeisema. Tulifundwa hivyo, na somo, na kungwi, na siku hizi kwenye kicheni pati: funika kombe mwanaharamu apite, mambo ya chumbani yaishie chumbani. Na mwanamke anayevumilia ana hesabu zake. Nyumba ni ya mume, atakwenda wapi? Kwao mahari ililiwa zamani, ataulizwa itarudishwa na nani. Ataambiwa watoto ni wa baba, waache uondoke. Zaidi ya hayo, anajua jambo ambalo sisi washauri wa barazani hatulijui: siku ya kuondoka ndiyo siku ya hatari kuliko zote. Kwa hiyo yule anayesema tu "kwa nini haondoki?" angenyamaza ingekuwa afadhali. Ninachosema ni kwamba kwenye hesabu hiyo tumwingize mtoto kwa usahihi. Tumwandike anachopata kwa kubaki, na anachopoteza vilevile. Mara nyingi tunaandika upande mmoja tu wa daftari.

Na baadhi ya yale tunayoyaogopa, sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ni ya zamani kuliko wengi mlioketi hapa, inatamka katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kumwadhibu, hata kama mila inasema vingine. Hata kama mila inasema vingine, jamani. Sheria hiyohiyo inasema mahakama ikiamua mtoto akae na nani itazame kwanza ustawi wa mtoto, na mtoto wa chini ya miaka 7 inachukuliwa kwamba ni vyema akae na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtoto mwenye umri wa kuweza kutoa maoni yake, nayo yanazingatiwa. Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema mwanamke aliyepika na kulea miaka ishirini "hakuchangia kitu".

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakwenda mbali zaidi. Inamwagiza kila mzazi amkinge mtoto na ukatili, na pia na kuwekwa kwenye mazingira ya hatari kwa mwili na maadili yake. Na kifungu cha 95 kinamgusa kila mtu hapa: mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Wajibu. Haikusema "akipenda". Afisa ustawi wa jamii yupo kwa kazi hiyo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na aliyepigwa anapewa fomu ya PF3 kwa ajili ya hospitali. Kwenye baadhi ya hospitali kuna vituo vya mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Wapo wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na ipo namba 116, simu ya mtoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Waandikieni watoto namba hiyo nyuma ya daftari la hesabu, hakuna atakayeshtuka kuona tarakimu kwenye daftari la hesabu. (Kicheko.)

Najua mtasema, mwalimu, ofisi hizo kuna siku unafika unaambiwa "kayamalizeni nyumbani". Ni kweli inatokea. Ndiyo maana mtu asiende peke yake. Na hapo ndipo nafika kwenye kikundi chetu.

Tumekaa miaka kumi. Kila mwanachama ana kundi lake la watano wanaodhaminiana. Mwenzetu akichelewesha rejesho wiki mbili, wanne wale wanafika mlangoni kwake, hata awe anaishi mwisho wa mji. Njia tunaijua. Lakini mwenzetu akikosa vikao viwili kwa sababu jicho limevimba, kanuni yetu inasema nini? Inasema faini. Mfuko wa jamii tunao, tena una fedha, mmemsikia Mweka Hazina. Unatoka kwa msiba, kwa ugonjwa, kwa uzazi. Mwanamke aliyetoka nje saa saba usiku na watoto watatu, mmoja mgongoni, hayumo kwenye orodha. Huyo si mgonjwa, hajafiwa, hajazaa.

Na tuseme kweli, fedha zetu hizi wakati mwingine ndizo zinazoleta ugomvi. Wiki ya mgao kila mmoja anafurahi, na wapo wanaoogopa. Kuna mikopo iliyoandikwa kwa jina la mwanachama na ikaliwa na mtu mwingine, akikataa kuitoa ni kipigo, akiitoa anabaki na deni. Mtoto anayeona hivyo anajifunza nini kuhusu fedha ya mama yake?

Jambo la kutia moyo ni kwamba wapo waliojaribu kulitazama hili kwa utaratibu, na hawakuwa Ulaya, walikuwa Mwanza. Watafiti wa hapa nchini pamoja na wenzao wa London walichukua vikundi 66 vya wanawake wakopaji, jumla yao zaidi ya 1,000, wanawake kama sisi. Nusu ya vikundi vilipewa vikao 10 vya mafunzo na mazungumzo juu ya mahusiano, haki na namna ya kuzungumza na mume bila vita, nusu nyingine wakasubiri. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Waliohudhuria vikao walikuwa wamepigwa kidogo kuliko wenzao. Siyo kwamba kipigo kilikwisha, na kwa ukatili wa kingono tofauti haikuonekana wazi, lazima niseme hivyo. Lakini kipigo kilipungua, kwa vikao kumi tu vya wanawake waliokwishazoea kukaa pamoja kwa ajili ya marejesho. Sisi tumeshakaa vikao vingapi katika miaka kumi?

Basi ninayo mapendekezo, na nimeyaandika, Katibu anayo karatasi.

La kwanza ni hiyo faini. Mwanachama aliyezuiwa kuja kwa kipigo asitozwe, na asilazimishwe kueleza mbele ya kikao. Amwambie mmoja wa watano wake, huyo amwambie Mwenyekiti kwa neno moja tu, yaishe.

Mfuko wa jamii uruhusiwe kutoa nauli na chakula cha siku chache kwa mama na watoto waliolazimika kukimbia. Waamue watu watatu bila kuitisha mkutano, maana mkutano wa wanawake arobaini ni redio. (Kicheko.) Mnacheka, lakini mume akipata habari kabla mama hajafika anakokwenda, tumemuua sisi. Na rejesho lake lisimame kwa muda watakaoona unafaa, wadhamini wasibebeshwe siku hiyohiyo.

Pendekezo hili lingine ni dogo lakini nalipenda kuliko yote. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Humo ndani, mbali na fedha, pana nafasi. Kila mwanachama anayetaka aweke bahasha yenye vivuli vya vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki, kivuli cha cheti cha ndoa. Mwanamke anayekimbia usiku hapati muda wa kutafuta karatasi, na asubuhi zinaweza kuwa zimechanwa au kuchomwa. Bila karatasi hizo anasumbuka shule, anasumbuka hospitali, anasumbuka mahakamani. Bahasha haina gharama. Wote tuweke, hata sisi wajane na wenye ndoa za amani, ili ya mtu asijulikane.

Na wale watano, wanapofika mlangoni kwa mwenzao, wamtazame na mtoto. Msimhoji kama polisi. Muulize anasoma darasa gani, mwalike aje kucheza na wa kwako, mwambie nyumba yangu mlango wake haufungwi. Akisema jambo, mwamini, na mwambie maneno haya mawili: "Si kosa lako," na "Siyo kazi yako kuwaamua." Maana watoto wengi wanaamini ugomvi ulianza kwa sababu yao, walimwaga uji, walifeli mtihani. Na wewe mama mwenye mtoto huyo, ongea naye siku ya utulivu. Usimfanye shahidi wala hakimu, usimtume kupeleleza, usimfundishe kusema "mama alianguka bafuni". Mwambie tu kwamba ukisikia kelele, mchukue mdogo wako, pitia mlango wa uani, nenda kwa bibi fulani, usiingie katikati. Mazoezi hayo mafupi yanampunguzia mtoto hofu kuliko kunyamaza.

Tahadhari moja. Kelele zikiwa zinaendelea, msiingie ndani kwa kishindo kama jeshi. Gongeni mlango, ombeni chumvi, iteni jina la mwenye nyumba, kaeni barazani kwa wingi. Mtu anayepiga hapendi watazamaji. Kukiwa na silaha, itwe polisi na Mwenyekiti wa Mtaa.

Mashemeji zetu, nimewaacha mwisho kwa heshima. Wapo humu watu wazima ambao hawajawahi kuinua mkono, na vijana hawawajui kwa sababu mnanyamaza. Kijiweni mtu anapojisifu kwamba jana "alimnyoosha" mke wake, ninyi mnageuza mazungumzo kwenye mpira. Msigeuze. Neno la shemeji mmoja pale kijiweni lina uzito kuliko mada yangu hii yote. Na kwa yule ambaye mkono wake umezoea, hapa simtaji mtu, nina ombi moja tu. Kesho jioni ukifika nyumbani, kabla hujasema neno, mtazame mwanao anavyokuangalia mikono.

Viongozi wa dini, wenye ndoa wengi wanaanza kwenu kabla ya kwenda ofisi yoyote. Mnapowasuluhisha mume na mke, ulizeni na habari za watoto: wanalala vipi, shuleni wanaendeleaje. Na Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ule uliozinduliwa Desemba 2016, ulitaka ziwepo kamati za ulinzi mpaka ngazi ya mtaa. Kikundi kiko tayari kutoa wajumbe. Tuambie kikao ni lini, tutakuja kwa wakati, sisi kuchelewa kuna faini. (Kicheko, makofi.)

Namwomba Mama Mwenyekiti mapendekezo yale yaingie kwenye ajenda ya kikao cha Jumamosi, tuyapigie kura, na kanuni ikibadilishwa iandikwe kwenye katiba ya kikundi kabla ya mgao wa mwaka huu. Bahasha ya kwanza ninayo hapa mkononi, ni yangu, ina vyeti vya wajukuu. Wenye funguo tatu nawaomba mpite mbele.